Mafundo ya Mkono wa Kushoto

Wale waliomfahamu Kwandu pale Nyabusozi humkumbuka kwanza kwa mwendo wake. Alitembea bila haraka, mkono mmoja ameuweka kiunoni, na kila alipopita penye majani mabichi alisimama kidogo, kama mtu aliyekutana na ndugu yake njiani akaona haya kumpita bila salamu. Vijana walimcheka kwa hilo, naye hakuwakataza. Alikuwa ametoka mahali ambapo majani yalikwisha, na aliyewahi kulala na kiu hamwagi hata tone la mwisho la kata.

Alizaliwa upande wa Shinyanga, kwenye boma la wafugaji, na nyuma ya boma hilo palikuwa na ngitili ya baba yake. Ngitili ni kipande cha malisho ambacho Msukuma hukifunga mvua zinapoanza. Asiingie humo ng'ombe, wala mbuzi, wala shoka. Majani huachwa yakue mpaka yamfikie mtu kifuani, yakauke yakiwa yamesimama, yawe ghala la mifugo katika miezi ile ambayo mbingu zimefumba mkono. Kwandu aliijua harufu ya ngitili kabla hajaijua harufu ya ubani wa kanisani. Alipokuwa msichana mdogo alipenda kulala kifudifudi ukingoni mwake, akisikiliza panzi, mpaka mama yake alipomwita mara ya tatu kwa sauti ya fimbo.

Kisha bei ya pamba ikapanda. Jirani wa kwanza alilima ngitili yake, akanunua baiskeli. Wa pili alilima yake, akaezeka bati. Baba yake Kwandu alistahimili misimu miwili, na msimu wa tatu akaingiza plau, kwa kuwa hakuna mwanamume apendaye kuonekana mpumbavu mbele ya wakwe zake. Kwa miaka michache nyumba yao ilinukia sabuni na chai ya maziwa. Baadaye upepo ukaanza kuuchukua udongo. Mvua zikawa zinachelewa, na zilipokuja zilikuja kwa hasira, zikapita mbio bila kunywesha kitu. Joto likawa kama linatoka ardhini badala ya kutoka juani. Siku Kwandu alipoolewa na Bulugu, ng'ombe wa mahari walipita juu ya ardhi nyeupe iliyolia chini ya kwato zao kama kigae.

"Twende mahali ambako umande bado unashuka," Bulugu alimwambia.

Ndivyo walivyofika wilaya ya Biharamulo, miaka michache baada ya uhuru, Bulugu na Kwandu, pamoja na Nshoma, mama mzazi wa Bulugu, mjane aliyekataa katakata kuachwa nyuma. Walikuja na ng'ombe tisa, na wenyeji wakawashangaa kwa kuwaleta mifugo kwenye msitu wa mbung'o. Watatu walikufa mwaka ule ule. Sita walizoea, wakazaa. Miongoni mwao alikuwamo mama yake Mabala, ng'ombe ambaye baba yake Kwandu alimpa binti yake siku ya kuagana. Na Mabala mwenyewe, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya madoa yake, alizaliwa katika nchi hii mpya, akawa kiongozi wa kundi.

Kazi ya kwanza ya Bulugu, kabla hata ya kukandika ukuta wa nyumba, ilikuwa kuchagua ngitili. Alichagua mteremko wenye migunga na majani mazuri, chini yake pakipita kijito chembamba. Kisha akafanya kama walivyofanya watu wa ukoo wake. Alibandua magome ya miti, akayasokota kuwa kamba, akafunga mafundo saba kwenye miti saba ya mpakani. Mafundo hayo hayakumzuia mnyama; yalimzuia mtu. Yalisema: hapa pana mwenyewe. Na ukoo wa Bulugu ulikuwa na sharti lake, kwamba mkono uliofunga ndio unaofungua. Mkono wa mtu mwingine ukifungua, hiyo ni habari ya msiba. Ndiyo kusema kwamba mwenye ngitili hayupo tena duniani.

Bulugu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mafundo yake yaligeukia upande usiozoeleka, na Kwandu angeweza kuyatambua kwa vidole akiwa amefumba macho.

Mwaka wa 1974, amri ya kuhamia vijijini ilipowafikia, walivunja nyumba yao wakajenga nyingine kwenye mstari, kando ya barabara, katika kijiji kipya cha Nyabusozi. Ngitili ilibaki nyuma, mwendo wa nusu saa, na hakuna aliyeigombea, maana machoni pa waliopima viwanja ilikuwa pori kama mapori mengine. Wakati ule miti ilikuwa mingi hata mtu aliweza kupotea akienda kutafuta uyoga.

Ndipo ikaja tumbaku.

Mwenyekiti wa kijiji, Emilian, ndiye aliyeipigania. Alikuwa Mhangaza wa Murukulazo, wilaya ya Ngara, mtu mrefu mwenye kofia ya pama, aliyeletwa kwanza kufundisha kisomo cha watu wazima. Ndiye aliyewafundisha Kwandu na Bulugu kusoma, wakiwa wamekaa kwenye magogo pamoja na watu wenye mvi. Emilian alipenda maendeleo kama wengine wapendavyo pombe. Hakuweza kuyaonja kidogo akatosheka. Kila mara alisimulia jinsi baridi kali ilivyoua mikahawa huko Brazili, na kahawa ya kwao Murukulazo ikapanda thamani ghafla, hata nyumba za nyasi zikageuka za bati kwa msimu mmoja. Yeye alikuwa huku akifundisha irabu. Jambo hilo lilimuuma, na aliapa kwamba bahati ya pili haitamkuta amelala.

Na kweli tumbaku ililipa. Nyabusozi ilipata shule ya matofali na mashine ya kusaga, na Jumapili wanawake walivaa vitenge vipya. Lakini majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto, ndani ya nyumba ndefu ya udongo iitwayo bani, na bani halishibi. Hula kuni usiku na mchana, juma zima, ndipo likupe majani ya rangi ya dhahabu. Kijiji kilianza na mabani manne. Msitu ukaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kama mgeni anayeaga asiyetaka kuonekana anaondoka.

Kwandu alilima tumbaku kama wengine. Hata hivyo, asubuhi moja alitoka nje pekupeku, akapita kwenye majani, akarudi akiangalia miguu yake.

"Mayu," alimwita mkwewe, kwa neno lao la mama. "Miguu yangu mikavu."

Nshoma aliiangalia miguu ile. "Nimeliona tangu mwaka jana," akasema. "Umande umehama. Nilinyamaza nisikutishe."

Vita vilizuka mwishoni mwa mwaka 1978. Lori lilikuja kuchukua mgambo, na Bulugu alikuwa mgambo. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Siku moja kabla ya kuondoka, alikwenda kwenye ngitili akafunga mafundo yake saba, bila haraka, kama mtu ambaye angelala kwake mwaka mzima. Kwandu alimshikia magome. Alipomaliza la saba, kwenye mgunga mkubwa wa juu, Bulugu alilivuta mara mbili, akasema, "Hili litaningoja."

"Na mimi?" Kwandu akauliza.

"Wewe huhitaji kufungwa," akasema, wakacheka.

Barua yake moja tu ilifika. Barua za Nyabusozi zilipitia sanduku la posta la Makame, mwenye duka mjini Biharamulo, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara. Kila Jumamosi ya pili Kwandu alitembea mpaka dukani kwake kuuliza.

"Hodi, mtani."

"Karibu, Msukuma! Leo umekuja peke yako? Ng'ombe umemwachia nani, au amebaki nyumbani akupikie?"

"Amebaki anasoma gazeti. Anasema watu wa pwani wamekuwa wembamba, wanauza sabuni kwa vipande kama dawa."

"Mwambie sabuni yenyewe haipo. Nakata kipande niuze kumbukumbu." Makame alicheka, kisha sauti yake ikashuka. "Posta haikuniletea kitu, mama. Lakini Mungu hana Jumamosi wala Jumatatu."

Siku barua ilipokuja, Makame alimpa kiti, akageukia rafu zake tupu na kujifanya anapanga vitu. Kwandu aliisoma mwenyewe, herufi moja moja, na ilimpendeza sana kwamba hakuna mdomo mwingine uliopita kati yake na mumewe. "Mke wangu Kwandu. Mimi mzima. Huku kuna migomba mingi na baridi. Msalimu mayu. Ngitili msiifungue. Nikirudi nitafungua mwenyewe. Mimi Bulugu."

Aliikunja akaitia kifuani, na tangu siku hiyo maneno yale yakawa amri.

Katikati ya mwaka 1979 vita vilikwisha. Wanaume wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, wakiwa na nyimbo mpya na ukimya mpya. Kazimili wa Bisibo, aliyeondoka kwa lori lile lile, alikuja kumwona Kwandu, akakaa kwenye kigoda, kofia akiizungusha mikononi. Alisema walitenganishwa ng'ambo, kwenye mto mmoja. Bulugu alipelekwa kundi jingine. Kuanzia hapo hakumwona tena. Hakusikia kwamba amekufa. Hakusikia kwamba yu hai.

"Basi atarudi na hao wa nyuma," Nshoma akasema.

"Huenda, bibi," Kazimili akajibu, macho yake yakiwa mlangoni.

Kiangazi cha mwaka ule hakikuwa na huruma. Mwezi wa nane ulipita, ambao ndio mwezi wa kufungua ngitili, na Kwandu hakufungua. Mwezi wa tisa ukapita. Kijito kikawa mnyororo wa madimbwi. Malisho ya kijiji yalikwisha, kwa sababu palipokuwa na msitu sasa palikuwa na visiki na jua. Kila alasiri, akirudi kuchunga, Kwandu aliwapitisha ng'ombe wake kumi na wanne ukingoni mwa ngitili. Walinyoosha shingo kuelekea majani yale ya dhahabu yaliyowafikia kifuani. Naye aliwazuia kwa fimbo, huku akilia. Kisha alilisogelea fundo la kwanza akalishika. Lilikuwa imara, limegeukia kushoto. Alishika la pili, na la tatu. Yote yalikuwa imara. Miezi kumi, mvua na jua, na hakuna lililolegea! Hiyo ikawa ndiyo barua yake ya kila siku. Alisema moyoni kwamba mkono uliofunga namna hii hauwezi kuwa umepoa, akarudi nyumbani, akala michembe yake ya viazi vikavu, akalala.

Majirani walinong'ona. Wenye kumpenda walimwambia usoni kwamba amerukwa na akili. Ni Kwandu na Nshoma peke yao walioelewa kwamba kufungua kungekuwa kumwekea matanga mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi Emilian alikuja, panga mkononi, kofia kichwani.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Nshoma.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunywa maziwa au kutukata?"

"Kukata, bibi. Lakini maziwa siyakatai."

"Maziwa yamekwenda vitani. Kaa."

Emilian alikaa, akavua kofia. "Mama Secilia," alimwambia Kwandu, akimwita kwa jina la binti yake aliyeolewa Geita, "mimi nimekufundisha a, e, i, o, u, kwa hiyo tusidanganyane. Bulugu alipoondoka tulikuwa na mabani tisa. Leo tuna kumi na tisa. Nchi imetoka vitani haina kitu. Inatutazama sisi wakulima. Nahitaji kuni kabla ya mvua, na kuni za karibu zimebaki kwenye ngitili yako."

"Ya Bulugu," Kwandu akasema.

"Ya Bulugu. Bahati ni kama mvua ya mawe, mama. Usipoiokota upesi inayeyuka."

"Baba yangu aliiokota, Mwenyekiti. Tulikula miaka minne. Joto hili ninalijua, nimecheza nalo utotoni. Lilianza hivi hivi, watu wakiwa wamevaa vizuri."

Emilian alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yale yalimwingia, lakini nyuma yake palikuwa na kamati. "Kamati imesema hivi. Malisho yanayotumika ni ya mfugaji, hatuyagusi. Pori lililokaa bure ni la kijiji. Sasa nieleze, ng'ombe wako wanakonda nje ya majani yaliyosimama. Hayo yanatumika vipi? Waingize ng'ombe, nami nitawaambia wenye mashoka wapite mbali. Usipowaingiza, Jumatatu ijayo nakuja nao."

"Nikiwaingiza nimemzika mume wangu."

Emilian alisimama, akarudisha kofia kichwani, akaivua tena. "Jumatatu, mama," akasema taratibu, akaenda zake.

Siku ya Ijumaa Mabala hakuweza kusimama. Wasukuma wanajua kazi hiyo: ng'ombe aliyeishiwa nguvu huinuliwa kila asubuhi kama mgonjwa, miti miwili ikipitishwa chini ya tumbo, mtu mmoja akishika mkia. Majirani walikuja, hata wale walionong'ona, wakamwinua. Alisimama akitetemeka, akaangalia upande wa ngitili, akapiga hatua tatu. Jumamosi walimwinua tena, na mara hii miguu haikumkumbuka. Alikufa jua likiwa bado halijapanda, ndama wake akimsukuma kwa pua.

Kwandu hakulia mbele ya watu. Jumapili alikwenda kwenye sala, akarudi, akavua kitenge chake kizuri, akashika njia ya ngitili adhuhuri, saa ambayo si kawaida yake. Alitaka kuyashika mafundo yale, apate nguvu za kuwakabili watu wa mashoka kesho yake.

Chini ya mti wa nne alimkuta Nshoma.

Bikizee alikuwa amepiga magoti, kanga yake imetandazwa, na juu ya kanga palikuwa na magome yaliyosokotwa, meusi kwa moshi. Mikono yake ilijua inachokifanya. Mkono wa kushoto ulipita juu, ukazunguka, ukavuta. Fundo likageukia upande usiozoeleka.

Kwandu alisimama pale mpaka kivuli chake kikamgusa mkwewe.

"Mayu."

Nshoma hakugeuka. "Mkono huu aliurithi kwangu," akasema. "Baba yake alikuwa wa kulia kama watu wote."

"Tangu lini?"

"Mvua kubwa zilipokuja, mchwa walikula matatu. Nikayafunga. Baadaye wakala mengine mawili, na mwishowe mawili yaliyobaki. Tangu Pasaka hakuna hata moja la mwanangu."

"Na hii rangi ya zamani?"

"Nayaning'iniza kwanza juu ya moto, yapate uzee."

Kwandu aliketi chini. Alikumbuka jioni zote zile, vidole vyake juu ya magome, na maneno aliyokuwa akiyanong'oneza. "Basi miezi yote hii nimekuwa nikimshika nani mkono?"

"Mimi."

"Kwa nini, mayu?"

"Siku uliyopita hapa ulirudi ukala. Siku ambayo hukupita, hukula." Nshoma alikunja kanga yake polepole. "Tena niliogopa. Fundo likianguka, nawe utaanguka, au utarudi kwa watu wako. Mimi nitabaki na nani wa kumngoja naye? Kungoja peke yako ni kazi nzito, mwanangu. Kunahitaji wawili."

Hapo Kwandu alikasirika, na hasira yake ilikuwa na machozi. "Mabala amekufa kwa mafundo yako!"

"Amekufa. Nilimwona akifa, nikakosa mdomo."

Upepo wa adhuhuri ulipita juu ya majani makavu, yakainama yote kwa pamoja na kuinuka. Kulikuwa na panzi. Kwandu aliwasikia, na kwa muda hakuwa Nyabusozi. Alikuwa msichana aliyelala kifudifudi nyuma ya boma la baba yake, mama yake hajamwita bado. Alitamani kubaki huko. Alitamani baba yake angekataa plau msimu mmoja zaidi, na Bulugu angechelewa lori siku moja. Kisha ndama wa Mabala alilia mbali kijijini, naye akarudi.

"Mayu," alisema, sauti yake sasa imetulia. "Haya mafundo nani kayafunga?"

"Nimekwambia. Mimi."

"Yote saba?"

"Yote saba."

"Na mkono uliofunga ndio unaofungua."

Nshoma alimwangalia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameishi na sharti lile maisha yake yote, akiwa bibi arusi na akiwa mjane, na hakuwahi kulitazama kutoka upande huo. Kama mafundo yalikuwa yake, na yeye yu hai, basi kuyafungua hakukuwa habari ya msiba wa mtu yeyote.

"Bulugu tutakuwa hatujamgusa," Kwandu akasema.

"Hatujamgusa," bikizee akakubali kwa sauti ndogo.

Walianzia mti wa nne, wakaenda wakizunguka. Kwandu hakutia mkono. Alimshika mkwewe kiwiko tu, njia ilipokuwa na mawe. Nshoma alifungua fundo moja moja, akakunja kila gome akalitia kifuani. Walipofika kwenye mgunga mkubwa wa juu, kwenye lile fundo la saba, mkono wa Nshoma ulisimama hewani.

"Hili aliliambia limngoje," Kwandu akasema.

"Najua. Alinisimulia jioni ile." Mkono ukashuka. "Milango sita inawatosha ng'ombe. Hili liache."

Emilian alipofika asubuhi ya Jumatatu, na wanaume kumi na mbili wenye mashoka nyuma yake, aliwakuta ng'ombe kumi na watatu wamezama kwenye majani hata migongo tu ndiyo iliyoonekana, na sauti ya kutafuna kwao ilikuwa kama mvua nyepesi inayokuja kutoka mbali. Kwandu alikuwa amekaa kivulini na fimbo yake. Wanaume walimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama ng'ombe, kisha akatazama juu kwenye matawi ya migunga, akavua kofia.

"Panatumika," akasema.

"Panatumika, Mwenyekiti."

Mmoja wa wenye mashoka alinung'unika. "Sasa kuni?"

"Tutazitafuta mbele, kuelekea Bisibo." Emilian alijipepea kwa kofia, akachelewa kuondoka. "Kwetu Murukulazo palikuwa na kivuli kama hiki," alimwambia Kwandu, kama anayeungama. "Chini ya migomba. Tulikuwa tunalala hapo saa sita baada ya shule. Sijui kama bado kipo." Kisha akawafuata watu wake, na mashoka yakasikika baadaye, mbali, upande mwingine.

Mvua zilinyesha kwa kuchelewa sana, kidogo kidogo. Ng'ombe wanne wengine walikufa kabla majani mapya hayajaota. Tisa walipona, idadi ile ile waliyokuja nayo kutoka Shinyanga, pamoja na ndama wa Mabala miongoni mwao. Mabani yaliendelea kuwaka. Kijiji kiliendelea kupata na kupungukiwa kwa wakati mmoja, wala Kwandu hakuwa na uwezo wa kuzuia kimojawapo. Alichokuwa nacho ni mteremko mmoja wenye migunga, na chini yake dimbwi ambalo halikukauka. Wanawake wa kijiji walianza kuja hapo na ndoo zao, miaka iliyofuata, bila kuuliza ruhusa, naye akawasogezea jiwe la kukanyagia.

Bulugu hakurudi. Hakuna karatasi iliyokuja wala mtu aliyeleta nguo yake. Kwandu hakunyoa nywele za ujane, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyoe. Kila Jumamosi ya pili aliendelea kwenda kwa Makame, na Makame, ambaye utani wake ulikuwa umezeeka pamoja naye, alimwekea kiti kabla hajabisha hodi.

Nshoma, ambaye kila mwaka aliendelea kuyafunga na kuyafungua mafundo, alifariki miaka mitano baada ya vita, katika majira ya kufunga ngitili. Mwaka ule Kwandu alisokota magome mwenyewe, akafunga mafundo sita kwa mkono wake wa kulia, ili aweze kuyafungua mwezi wa nane bila kumdhuru mtu. Kisha alipanda mpaka kwenye mgunga wa juu. Fundo la saba lilikuwa limeliwa na mchwa, limebaki vumbi kwenye gamba la mti.

Aliweka fimbo chini. Alichukua gome lililokaa juu ya moto majuma mawili, akaliegemeza kwenye mti, na mkono wa kulia akauficha nyuma ya mgongo. Ule wa kushoto ulipita juu, ukapotea njia, ukarudi, ukajaribu tena. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa mgunga kwenda mwingine. Fundo lililopatikana mwishoni lilikuwa legelege, la mtu asiyejua kazi. Lakini lilikuwa limegeukia kushoto. Kwandu alilivuta mara mbili, likashika.